Kicheko na Ganzi ya Moyo: Uhakiki wa Riwaya ya Spud ya John van de Ruit

Riwaya ya kuchekesha haina bahati katika idara zetu za fasihi. Husomwa na wengi, wanafunzi huipitishana mpaka jalada likachakaa, lakini inapofika zamu ya kuhakikiwa hutiwa katika kapu la fasihi pendwa na kuachwa humo. Sababu inayotolewa ni kwamba kicheko huelea juu juu na hakina uzito wa kimaudhui. Makala haya yanakusudia kuichunguza riwaya moja ya aina hiyo, Spud ya John van de Ruit, iliyochapishwa Afrika Kusini mwaka 2005. Tutajaribu kuonyesha kwamba ucheshi wake si pambo lililobandikwa juu ya maudhui, bali ndiyo njia anayoitumia mtunzi kumshirikisha msomaji katika ukatili, kisha kumdai gharama ya kushiriki huko. Tutadai pia kwamba gharama hiyo inatozwa nusu tu, kwa kuwa riwayani humu yumo mtu ambaye tunamcheka bure.

Van de Ruit alizaliwa Durban mwaka 1975. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mwigizaji na mtunzi wa maonyesho ya tashtiti. Pamoja na Ben Voss alitunga na kuigiza Green Mamba, onyesho lililoikejeli Afrika Kusini mpya. Masomo yake ya sekondari aliyapata Michaelhouse, shule ya bweni ya wavulana iliyoasisiwa mwaka 1896 na ambayo sasa iko Balgowan, KwaZulu-Natal. Shule iliyomo riwayani haijatajwa kwa jina hilo, lakini si vigumu kuona imechongwa kutoka mti gani. Riwaya ilifuatwa na nyingine tatu, za mwaka 2007, 2009 na 2012, pamoja na filamu ya mwaka 2010 ambamo John Cleese aliigiza kama mwalimu wa Kiingereza. Hapa tutashughulikia riwaya ya kwanza peke yake. Zile zilizofuata zinachekesha pia, ila kwa maoni yetu zinarudia mbinu ambayo ya kwanza iliigundua.

Msimulizi ni John Milton, mvulana mzungu wa miaka kumi na mitatu anayeingia shule ya watoto wa matajiri kwa ufadhili wa masomo. Wazazi wake si matajiri, na tabia zao zinamtia haya kila wanapokanyaga uwanja wa shule. Mwili wake haujabalehe, na wenzake wanampa lakabu ya Spud, yaani kiazi, kwa sababu ya uchanga huo huo wa maumbile yake. Ana sauti nyembamba ya mtoto inayomfaa katika kwaya na inayompatia nafasi ya kuigiza Oliver katika mchezo wa shule. Riwaya nzima ni shajara yake ya mwaka mmoja, 1990. Jina la mshairi wa Paradise Lost amepewa kijana anayefukuzwa, si kutoka bustani ya Edeni, bali kutoka katika utoto wake, na mtunzi ana busara ya kutolifanyia kelele jambo hilo.

Tukiiweka kazi hii katika ukoo wake tutaona upesi kilichobadilika. Riwaya ya shule ya bweni ni utanzu wa Kiingereza hasa. Thomas Hughes aliuwekea msingi mwaka 1857 kwa Tom Brown's School Days, ambamo shule ya Rugby chini ya Thomas Arnold inamchukua mtoto mtundu na kumtoa muungwana Mkristo. Rudyard Kipling akauchezea katika Stalky & Co. mwaka 1899, akiwapa ushindi watukutu wanaowazidi walimu akili, lakini watukutu hao hao wanaishia kuwa maafisa wa dola. Katika kazi zote mbili shule inazalisha kitu. Shule yenyewe, pamoja na viranja wake, viboko vyake, ibada zake na kriketi yake, ilisafirishwa hadi kwenye makoloni. Huku kwetu Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kumbukumbu zake za In the House of the Interpreter, za mwaka 2012, jinsi kijana wa Limuru alivyoishi ndani ya ua huo wakati hali ya hatari ikiunguza kijiji chake. Kwa hiyo msomaji wa Kenya haingii mgeni katika bweni la Spud. Anaijua kengele, anaujua mstari wa chakula, na anamjua kiranja.

Ila katika Spud shule haizalishi muungwana wala afisa. Walimu wake ni walevi, wapweke au vichekesho vitupu, na wavulana wanalelewa na wavulana wenzao. Wanane wanaolala bweni moja wanaitwa Crazy Eight, yaani wendawazimu wanane, na jamii yao ina mfalme wake, Rambo, ina mwindaji wake, Mad Dog, ina mlafi mpenda mizimu, Fatty, na ina wale ambao kazi yao ni kuteswa. Ukuaji, ambao ndio kiini cha riwaya ya makuzi, unatokea bila mkuzaji.

Tuanze na shajara, kwa sababu fani hii ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Sue Townsend alikwisha kuonyesha mwaka 1982, kwa kijana wake Adrian Mole, jinsi shajara ya mvulana inavyochekesha: mwandishi wa shajara anaandika kila anachokiona na haelewi nusu yake, huku msomaji akielewa yote. Van de Ruit ameichukua mbinu hiyo na kuitia tarehe za historia. Tarehe 2 Februari 1990 Rais F. W. de Klerk alitangaza bungeni kuondolewa kwa marufuku dhidi ya ANC na vyama vingine. Tarehe 11 ya mwezi huo Nelson Mandela akatoka gerezani. Spud anapita katika siku hizo akiwa na mambo mengine kichwani: chakula, kriketi, wasichana, hofu ya kuogelea usiku, na swali la lini sauti yake itaanza kukwaruza. Kuachiwa kwa Mandela kunaingia katika daftari lile lile, kwa wino ule ule, karibu na habari za mtu aliyetapika. Baba yake anaona ukomunisti unabisha hodi langoni. Kiranja wa bweni lake ni Luthuli, kijana Mwafrika anayemwalika kwenye chama cha shule kinachojadili mambo ya Afrika, na Spud anatoka huko akiwa ameamua kwamba yeye ni mpigania uhuru, kwa uzito ule ule anaotumia kupima kama ameanza kuota nywele.

Hapa kinaya kinafanya kazi ambayo hotuba isingeweza. Aliyeifungua riwaya mwaka 2005 alikwisha kujua uchaguzi wa 1994 na yote yaliyofuata. Spud hajui lolote. Kila anapoipita siku kubwa bila kuitambua tunamcheka, na katika kumcheka tunakiri kwamba hata sisi tuliipita ya kwetu vivyo hivyo. Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka huo wa 1990, na anachokumbuka hasa kuhusu siku ya Saba Saba, wakati watu wa Nairobi walipokabiliana na polisi wakidai vyama vingi, ni kwamba mjomba aliyeahidi kumletea viatu hakufika. Tungependa hata hivyo kuikataa tafsiri moja inayojileta yenyewe: kwamba sauti ya Spud inayobadilika ni sitiari ya taifa linalobadilika. Ni tafsiri rahisi mno. Ubora wa riwaya uko katika kuyaacha mambo hayo mawili yakae pamoja bila kufungwa kamba.

Tuje sasa kwenye kicheko chenyewe. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, alitoa hoja ambayo bado haijachakaa: kwamba ili tucheke ni lazima moyo upigwe ganzi kwa muda. Tukimwonea mtu huruma hatuwezi kumcheka, na tukimcheka ni kwa kuwa tumemwona kama chombo, kitu kinachojirudiarudia, na si kama nafsi. Katika Spud chombo kikuu cha kutia ganzi hiyo ni lakabu. Wanafunzi wetu wamezoea kuitaja lakabu mtihanini kama tamathali mojawapo, wakaitolea mfano, wakapata alama, wakaendelea. Humu lakabu inatenda jambo zito zaidi. Vern ni mtoto mgonjwa wa akili anayejing'oa nywele. Akiitwa Vern angetutisha. Anaitwa Rain Man, kwa jina la filamu ya Marekani ya mwaka 1988, na papo hapo kung'oa nywele kunakuwa tabia yake, kitu cha kutazamiwa kila baada ya kurasa kadhaa, kama kikohozi cha mzee fulani katika vichekesho vya redio. Henry Barker ni mtoto dhaifu wa mwili ambaye haiachi zahanati ya shule. Anaitwa Gecko, mjusi kafiri yule wa ukutani, na kuugua kwake kunageuka mzaha wa kudumu. Mtunzi hatuulizi kama tunakubali. Anatupa majina katika kurasa za mwanzo na sisi tunayatumia, na kabla hatujang'amua tumekwisha kujiunga na bweni.

Nani aliyesoma bweni asiyeujua utaratibu huu? Katika shule niliyosoma, mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza, yaani mono, alipewa kiatu aambiwe ampigie mamake simu, na njiti ya kiberiti aambiwe apime urefu wa bweni. Tulicheka. Mwaka uliofuata tuliwapa wengine kiatu na njiti. Ninapokutana na wenzangu wa wakati huo hadithi hizo ndizo zinazotutoa machozi ya kicheko, na kila mara kuna mmoja anayenyamaza, anayegeuza geuza bilauri yake mpaka mazungumzo yahamie kwingine. Mwaka mzima alikuwa yeye mwenye kiatu. Sikuwahi kumwuliza.

Karibu na mwisho wa mwaka Gecko anakufa. Malaria inampanda kichwani na kumwua. Hakuna maandalizi ya kifani ya kifo hiki, na wahakiki wanaopenda msuko uliokamilika wanaweza kulihesabu hilo kama dosari. Sisi tunaona kinyume. Maandalizi yalikuwepo tangu mwanzo, ila yalivikwa nguo za mzaha. Kila tulipocheka kwamba Gecko yuko zahanati tena tulikuwa tunaarifiwa kwamba mtoto huyu ni mgonjwa. Taarifa ilikuwa sahihi. Tulioisoma vibaya ni sisi. Hii ndiyo sababu kifo hicho kinaumiza kuliko vifo vingi vya kishujaa katika riwaya nzito: kinaturudisha nyuma, ukurasa kwa ukurasa, tukavihesabu vicheko vyetu. Spud, ambaye kufikia hapo alikwisha kuwa rafiki wa Gecko, hapewi hotuba ya kujutia. Shajara inaendelea kwa sababu kesho ina tarehe yake. Ganzi inatoka kama inavyotoka mguuni, kwa uchungu wa sindano nyingi ndogo, na hakuna anayetueleza kwamba inatoka.

Kuhusu yule mwalimu wa Kiingereza anayeitwa The Guv hatutasema mengi, ijapokuwa wasomaji wengi ndiye wanayempenda zaidi. Ni mlevi aliyeachwa na mkewe, anampa Spud vitabu na kula naye chakula cha mchana, na kila afunguapo kinywa kurasa zinachangamka. Lakini ni mhusika tuliyekwisha kumwona: mwalimu mkorofi mwenye moyo wa dhahabu. Jambo jingine linalostahili kutajwa, na ambalo msomaji wa leo hawezi kuliruka, ni uhusiano wa kimapenzi kati ya Rambo na Eve, mke wa mwalimu wa bweni. Wavulana wanauona kama ushindi wa kishujaa, na riwaya nayo inacheka pamoja nao. Mtu mzima na mtoto aliye chini ya ulinzi wa shule: wahusika wangebadilishwa jinsia, hakuna mchapishaji ambaye angeuita mkasa huo kichekesho.

Ila dosari kubwa iko nyumbani kwa akina Milton, katika chumba cha uani. Humo anaishi Innocence, mwanamke Mwafrika anayewatumikia. Tunamjua kwa vituko vyake. Anaendesha kilabu cha pombe chumbani mwake, bwana na bibi wa nyumba wanababaika, na vurugu inazuka. Ni vipande vya kuchekesha kweli, na uzoefu wa mtunzi jukwaani unaonekana: watu wanaingia na kutoka, milango inabamizwa, kila mmoja anasema lisilofaa kwa wakati usiofaa. Lakini tumpe swali lile lile tulilompa Gecko. Ganzi hii inatolewa lini? Haitolewi. Innocence anaingia akiwa kichekesho na anatoka akiwa kichekesho.

Utetezi wa kwanza unajulikana. Msimulizi ni mvulana mzungu wa mwaka 1990. Kama hamwoni Innocence, upofu ni wake na si wa mtunzi. Kwa kawaida tungeukubali utetezi huo, kwa kuwa kuchanganya sauti ya msimulizi na msimamo wa mtunzi ni kosa tunalowakanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini fani ya riwaya hii yenyewe inaukana. Tumeona jinsi mtunzi alivyotumia tarehe kusahihisha upofu wa Spud katika siasa, na kifo kusahihisha upofu wake kuhusu wagonjwa. Hata Luthuli amepewa heshima na msimamo wa kisiasa vinavyomfanya Spud aonekane mdogo mbele yake. Zana zote zilikuwepo mkononi. Kwa mwanamke wa chumba cha uani hazikutumika.

Utetezi wa pili ni wa kinadharia zaidi. Yawezekana kudai, kwa kumfuata Mikhail Bakhtin, kwamba hiki ni kicheko cha kanivali ambacho hakimbagui mtu, kwani baba, mama, nyanya, mwalimu mkuu na msimulizi mwenyewe wote wanachekwa. Ni kweli wanachekwa. Ila baba na mama wa Spud wanachekwa na mtoto ambaye pia anawaogopea, anayewaonea haya na kuionea haya haya yake. Kicheko chao kina upande wa pili. Cha Innocence hakina. Tena tuliangalie jina lake. Kwa Kiingereza linataja ile hali ya kutojua ubaya, hali ambayo kila shujaa wa riwaya ya makuzi hana budi kuipoteza. Kwamba neno hilo hasa limevikwa mtumishi, na kuachwa likichekesha kwa kuwa yeye anauza pombe, ni kinaya ambacho hatuna hakika kwamba mtunzi alikikusudia chote.

Yote haya yana maana gani kwa wanaosoma na kuandika kwa Kiswahili? Bweni limo katika riwaya yetu, lakini aghalabu halichekeshi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inampeleka Rosa katika shule ya wasichana akiwa amebeba woga aliotiwa na baba, na shule haimwokoi. Hapa Kenya sababu ya kutocheka imeongezeka. Baada ya Kyanguli, ambako wavulana 67 waliteketea bwenini Machi 2001, mwandishi anayetaka kuchekesha kuhusu mlango wa bweni una kufuli anajua anakanyaga wapi. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, kama Afrika Kusini ilivyokwisha kufanya kwa sheria ya mwaka 1996, iliyotetewa na Mahakama ya Katiba mwaka 2000 dhidi ya shule za binafsi za Kikristo zilizotaka ziruhusiwe kuendelea. Mwanafunzi wa leo anayecheka viboko vya Spud anacheka jambo ambalo sheria imekwisha kulihukumu, ijapokuwa mgongo wake huenda haujapata habari.

Lakini hadithi za mono bado zinasimuliwa, kwa mdomo, katika kila basi linalorudisha wanafunzi mwanzo wa muhula. Hazijapata riwaya yake. Atakayeiandika kwa Kiswahili anaweza kujifunza kwa Van de Ruit jinsi ya kukifanya kicheko kitunze kumbukumbu kwa siri mpaka siku ya hesabu. Anaweza pia kujifunza pale mwalimu wake alipokwama, na njia moja ya kupaona ni kujaribu kutafsiri. Lakabu ya Spud haitampa shida kubwa. Kiazi haitabeba dhihaka yote ya asili, lakini bweni lolote litaielewa. Shida itaanza atakapofika uani. Kwa Kiingereza mvulana wa miaka kumi na minne anaweza kumwita mwanamke mtu mzima Innocence, jina tupu, na sentensi ikapita bila kumkwaza mtu. Kwa Kiswahili haipiti. Itabidi amwite mama, au dada, au yaya, au alitaje jina lake bila neno lolote la mbele, na kila msomaji atasikia ni lipi limechaguliwa na ni lipi limenyimwa. Nimewapa wanafunzi wangu wa uzamili ukurasa mmoja wa aina hiyo wautafsiri darasani. Walicheka mpaka mstari wa tatu, kisha wakaanza kubishana kuhusu neno hilo moja, na saa ikaisha kabla hawajafika mstari wa nne.